Lillian Gish: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Maisha na Kazi Yake

Majibu yafuatayo yameandikwa kwa ajili ya watu wanaokutana na jina la Lillian Gish kwa mara ya kwanza, pamoja na wale waliokwisha kuona filamu yake moja au mbili na wangependa kumfahamu zaidi. Baadhi ya majibu ni marefu kuliko mengine, kwa sababu yapo mambo katika maisha yake ambayo hayamaliziki kwa aya moja.

Lillian Gish alikuwa nani?

Alikuwa mwigizaji wa filamu na wa jukwaani kutoka Marekani, na ni miongoni mwa watu walioweka misingi ya uigizaji wa mbele ya kamera. Filamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1912, wakati filamu hazikuwa na sauti, na ya mwisho ilitoka mwaka 1987. Ni miaka 75 kati ya filamu hizo mbili, na waigizaji waliodumu kiasi hicho ni wachache mno katika historia ya sinema popote duniani.

Alizaliwa lini hasa? Mbona vitabu vinatofautiana?

Alizaliwa tarehe 14 Oktoba 1893 katika mji wa Springfield, jimbo la Ohio. Kwa miaka mingi vitabu na magazeti yaliandika 1896, na yeye hakuona haja ya kuyasahihisha. Kupunguza umri kulikuwa kawaida katika kazi ile, hasa kwa mwanamke aliyekuwa akipewa nafasi za wasichana wadogo hata alipokuwa amekaribia miaka thelathini.

Aliingiaje katika uigizaji?

Aliingia kwa sababu ya shida ya nyumbani. Baba yake, James Gish, hakuwa mtu wa kutulia mahali pamoja, na hatimaye aliiacha familia bila msaada wa maana. Mama yake, Mary, akabaki na watoto wawili wa kike, Lillian na mdogo wake Dorothy aliyezaliwa mwaka 1898. Mary alitafuta riziki kwa kila njia aliyoiweza, ikiwemo kuuza peremende na kuigiza jukwaani, kazi ambayo familia nyingi za Kikristo za wakati ule ziliiona kuwa ya aibu. Watoto nao wakafuata. Lillian alipanda jukwaani kwa mara ya kwanza mwaka 1902, akiwa hajatimiza miaka tisa, katika kijiji cha Risingsun huko Ohio.

Baada ya hapo utoto wake ulikuwa wa safari za treni usiku, vyumba vya kupanga na miji isiyokwisha, mara nyingi akiwa mbali na mama yake, chini ya uangalizi wa waigizaji wengine wa kike. Shule aliipata kwa vipande vipande. Ukitaka kuelewa nidhamu kali iliyomtambulisha maisha yake yote, yaani kufika mapema, kutolalamika na kurudia jambo hadi liwe sawa, itafute katika miaka hiyo. Kundi la maigizo halikuwa na nafasi ya kumlisha mtoto asiyefanya kazi yake, na yeye alilijua hilo kabla ya kujua kusoma vizuri.

Ni kweli kwamba Mary Pickford, nyota wa filamu bubu, ndiye aliyemfungulia mlango wa filamu?

Ndiyo. Katika miaka ya maigizo, familia ya Gish ilifahamiana na familia nyingine ya mama na watoto waliokuwa wakizunguka na makundi ya jukwaani, familia ya binti aliyeitwa Gladys Smith. Mwaka 1912 akina Gish waliiona sura ya Gladys kwenye filamu, wakaamua kwenda kumtafuta kwenye studio ya kampuni ya Biograph, iliyokuwa katika nyumba namba 11 ya barabara ya East 14th Street jijini New York. Walipomwulizia Gladys Smith waliambiwa hakuna mtu wa jina hilo, kwani rafiki yao alikuwa tayari anaitwa Mary Pickford. Pickford aliwapokea na kuwatambulisha kwa mwongozaji David Wark Griffith.

Kwa mujibu wa simulizi ya Lillian mwenyewe, Griffith alishindwa kuwatofautisha ndugu hao wawili, hivyo akamfunga Lillian utepe wa buluu na Dorothy utepe mwekundu, kisha akawa anawaita kwa rangi. Katika mazoezi alitoa bastola na kuwafukuza chumbani huku akipiga risasi kwenye dari, ili aone hofu ya kweli inavyoonekana nyusoni mwao. Filamu iliyotokana na mazoezi hayo, An Unseen Enemy, ilitoka mwezi Septemba mwaka huohuo. Wengine husimulia kisa hiki kwa kicheko. Mimi huona ndani yake jambo zito, kwamba tangu siku ya kwanza kazi hii ilimtaka msichana yule autoe mwili wake mzima, na aliyekuwa akiamua kiasi cha kutoa alikuwa mtu mwingine.

Katika filamu bubu, waigizaji walikuwa wanazungumza au walikuwa kimya?

Walizungumza. Midomo unayoiona ikicheza ilikuwa ikitamka maneno ya kweli, ila filamu hizo hazikunasa sauti pamoja na picha. Maneno machache ya lazima yaliandikwa kwenye vibao vilivyoonyeshwa katikati ya picha, na ukumbini palikuwa na muziki, kuanzia mpiga piano mmoja katika kumbi ndogo hadi okestra nzima katika kumbi kubwa. Mwongozaji aliweza kupaza sauti na kutoa maelekezo wakati kamera inazunguka, jambo ambalo liliwasaidia waigizaji wengine na kuwachanganya wengine.

Filamu za wakati ule pia hazikunasa rangi zote kwa usawa. Nyekundu ilionekana kama nyeusi, na buluu ilififia ikakaribia nyeupe. Mtu mwenye macho ya buluu kama Lillian aliweza kuonekana kama hana mboni kabisa ikiwa taa hazikupangwa vizuri. Mpiga picha Hendrik Sartov alimpiga kwa lenzi iliyolainisha mwanga, na Lillian, kwa kuwa alikuwa mwanafunzi wa kila kitu kilichohusu kazi yake, alijifunza taa, lenzi na uhariri hadi akawa anajua ni upande gani wa uso wake unafaa kwa jambo gani.

Uigizaji wake ulikuwa na upekee gani?

Waigizaji wengi wa miaka ya 1910 walitoka jukwaani, ambako mtazamaji wa kiti cha nyuma kabisa alipaswa kuelewa huzuni yako, kwa hiyo walirusha mikono na kuyatoa macho. Kamera ilipowasogelea, ishara hizo zilionekana kubwa kupita kiasi. Gish aliyaelewa hayo mapema kuliko wengi. Alipunguza. Aliacha jambo lianze machoni, lishuke mdomoni, lifike vidoleni, na mara nyingi aliliacha liishie hapo.

Mfano mzuri ni filamu ya Broken Blossoms ya mwaka 1919. Gish anaigiza kama Lucy, binti wa mitaa ya maskini ya Limehouse jijini London, anayepigwa kila siku na baba yake mwanamasumbwi. Baba anamwamuru atabasamu. Lucy hajui kutabasamu, kwa kuwa hajawahi kuwa na sababu, hivyo anachukua vidole viwili na kuzisukuma pembe za mdomo wake juu, akiwa bado ana macho ya mtu anayesubiri kipigo. Ishara hiyo ilikuwa wazo la Gish mwenyewe. Baadaye katika filamu, baba anavunja mlango wa kabati kwa shoka wakati binti yumo ndani. Gish anageuka huku na huku katika nafasi isiyozidi upana wa mwili wake, anazungukazunguka, anapapasa kuta, na mdomo wake unapiga mayowe ambayo hatuyasikii. Nimewaonyesha watu kipande hicho ambao hawajawahi kuona filamu bubu hata moja, na hakuna aliyeuliza sauti iko wapi.

Ni haki kusema pia kwamba filamu hiyohiyo ina kasoro inayoumiza. Mhusika wake mkuu wa kiume ni Mchina, lakini anaigizwa na mzungu, Richard Barthelmess, aliyejikunja mgongo na kufinya macho. Studio za wakati ule ziliwapa waigizaji wenye asili ya Asia nafasi za namna hiyo kwa nadra sana.

Je, ni kweli alilala juu ya barafu iliyokuwa ikielea mtoni?

Ni kweli, na hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote. Filamu ni Way Down East ya mwaka 1920. Gish ni Anna, msichana wa kijijini aliyedanganywa kwa ndoa ya uongo, akazaa, mtoto akafa, na hatimaye akafukuzwa usiku wa dhoruba ya theluji na familia iliyokuwa imempa hifadhi. Anatembea hadi mtoni, anaanguka juu ya bamba la barafu, na barafu inakatika na kuanza kuelekea kwenye maporomoko ya maji.

Sehemu kubwa ya tukio hilo ilipigwa picha karibu na White River Junction katika jimbo la Vermont, wakati wa baridi kali. Gish ndiye aliyependekeza kwamba mkono wake na nywele zake viburute majini wakati amelala, kwa hoja kwamba mtu aliyezimia hawezi kujipanga vizuri juu ya barafu. Griffith alikubali. Hivyo akalala pale mara kwa mara, siku baada ya siku, nywele zikiganda na mkono ukifa ganzi, na aliandika miaka mingi baadaye kwamba mkono huo uliendelea kumsumbua maisha yake yote. Picha za dhoruba zilipigwa kwenye studio ya Griffith huko Mamaroneck, New York, katika dhoruba halisi, na unapoona vipande vya barafu vimening'inia kwenye kope zake, jua kwamba havikubandikwa na mtu. Maporomoko yenyewe hayakuwa karibu naye, kwani picha zake zilipigwa kwingine na kuunganishwa wakati wa uhariri.

Kwa maoni yangu, hata hivyo, tukio kubwa zaidi la uigizaji katika filamu hiyo halimo mtoni. Limo katika chumba cha kupanga, pale Anna anapoambiwa mtoto wake anakufa bila kubatizwa, naye anachukua maji na kumbatiza mwenyewe. Mikono ya Gish inatetemeka kidogo sana, na maji yanamdondokea mtoto taratibu, huku uso wa mama ukikataa kuamini kile ambacho mikono inakijua tayari.

Alihusikaje na The Birth of a Nation, na tumwangalieje kwa sababu hiyo?

Aliigiza kama Elsie Stoneman, binti wa mwanasiasa wa Kaskazini, katika filamu hiyo ya Griffith iliyotoka mwaka 1915. Ni mojawapo ya nafasi zake kuu, na kwa muda mrefu ilikuwa ndiyo filamu iliyotajwa kwanza kila jina lake lilipotajwa.

Filamu hiyo ni ya kibaguzi kutoka kwenye mzizi wake. Inawaonyesha Wamarekani weusi, wengi wao wakiigizwa na wazungu waliojipaka rangi usoni, kama watu wajinga na hatari waliopewa uhuru wasioustahili, na inawatukuza Ku Klux Klan, kundi lililoua na kutesa watu weusi, kama mashujaa waliookoa nchi. Shirika la NAACP, linalotetea haki za Wamarekani weusi, liliipinga tangu ilipotoka, na watu waliandamana katika miji kadhaa. Ikulu ya Marekani iliionyesha kwa Rais Woodrow Wilson. Kabla mwaka huo haujaisha, Klan, ambayo ilikuwa imekufa kwa miongo kadhaa, ilifufuliwa huko Georgia, na filamu hiyo ikatumika kuvutia wanachama wapya. Mwongozaji mweusi Oscar Micheaux alitoa Within Our Gates mwaka 1920, akionyesha bila kuficha jinsi watu weusi walivyouawa na makundi ya wazungu, na wengi huitazama kazi hiyo kama jibu kwa Griffith.

Gish hakuiandika wala hakuiongoza filamu ile, na alikuwa na miaka 21 tu. Lakini aliendelea kumtetea Griffith hadi uzeeni, akisisitiza kwamba hakuwa mbaguzi. Hapo ndipo mimi ninayempenda kwa kazi yake ninapoachana naye. Uaminifu kwa mwalimu aliyekufundisha kazi ni jambo jema, lakini hauwezi kufuta maumivu ya watu ambao filamu ile iliwaumiza, na miaka zaidi ya sabini ilimpa nafasi ya kutosha ya kulisema hilo waziwazi.

Je, aliwahi kuongoza filamu?

Aliongoza moja, Remodeling Her Husband ya mwaka 1920, ambayo mhusika wake mkuu aliigizwa na Dorothy. Griffith alikuwa amemwachia studio mpya ya Mamaroneck ambayo haijakamilika, hivyo kazi yake ya kwanza ilikuwa kushughulika na umeme na mafundi katikati ya baridi. Filamu iliingiza fedha vizuri, lakini Gish hakutaka kuirudia kazi hiyo. Hakuna nakala yake inayojulikana kuwepo leo, na huo ni msiba, kwa sababu tumebaki bila ushahidi wowote wa jinsi jicho lake lilivyofanya kazi upande ule wa kamera.

Kwa nini aliachana na Griffith?

Sababu kubwa ilikuwa fedha, na hapakuwa na ugomvi. Baada ya Orphans of the Storm ya mwaka 1921, filamu kuhusu Mapinduzi ya Ufaransa ambayo Lillian na Dorothy waliigiza pamoja kama ndugu, Griffith alimweleza kwamba jina lake limekuwa kubwa kiasi cha kustahili malipo ambayo yeye hawezi kuyatoa. Lillian akaenda kampuni ya Inspiration, ambako alitengeneza The White Sister, iliyotoka mwaka 1923, na Romola ya mwaka 1924. Zote mbili zilipigwa picha Italia, jambo lisilo la kawaida kwa filamu za Marekani za wakati ule. Katika ile ya kwanza alifanya kazi na Ronald Colman, ambaye alikuwa bado hajulikani.

Mwisho wa safari hiyo ulikuwa mahakamani. Mkuu wa Inspiration, Charles Duell, alimshtaki mwaka 1925 kwa madai ya kuvunja mkataba. Jaji aliitupa kesi hiyo, na aliyeondoka mahakamani akiwa na mashtaka ya kujibu, ya kusema uongo chini ya kiapo, ni Duell mwenyewe.

Mkataba wake na MGM ulikuwa na uzito gani?

Mwaka 1925 alitia saini mkataba wa filamu sita na MGM, studio kubwa ya Hollywood, ambao thamani yake iliripotiwa kuwa dola 800,000. Jambo la maana zaidi kuliko fedha ni kwamba alikuwa na kauli katika uchaguzi wa hadithi na waongozaji. Kwa La Bohème ya mwaka 1926 alimchagua King Vidor baada ya kuona kazi yake iliyokuwa bado haijakamilika. Mhusika wake anakufa kwa kifua kikuu, na Gish alijiandaa kwa kujinyima maji na kuweka pamba mdomoni ili midomo ikauke kabisa. Vidor alisimulia kwamba tukio la kifo lilipopigwa picha, alikaa kimya kwa hofu, akidhani mwigizaji wake amekata roho kweli.

Kwa The Scarlet Letter, pia ya mwaka 1926, kikwazo kilikuwa makundi ya kanisa yaliyoiona riwaya hiyo ya uzinzi kuwa haifai kwenye sinema. Gish aliwaandikia barua, akaahidi kuibeba dhamana ya filamu hiyo yeye mwenyewe, wakamkubalia. Kazi ya kuiongoza ilikwenda kwa Victor Sjöström kutoka Uswidi.

Kwa nini The Wind inasifiwa kuliko filamu zake nyingine za MGM?

Kwa sababu kila alichojifunza kimo humo. Hadithi ilichaguliwa na yeye, na Sjöström akaiongoza tena. Letty ni msichana anayehamia nyanda kavu za Texas, ambako upepo hautulii usiku wala mchana, na polepole upepo unaanza kumvuruga akili. Hebu fikiria ugumu wa jambo hilo: mtazamaji anapaswa kuamini kelele ya upepo katika filamu isiyo na sauti. Unauamini kwa kumtazama Gish. Anakata mkate, anaupuliza kuondoa mchanga, anafuta sahani kwa mchanga kwa kuwa maji hayatoshi, na kila dirisha linapotikisika bega lake linashtuka kabla ya uso.

Picha zilipigwa katika jangwa la Mojave, California. Injini za ndege ziliwashwa ili kumrushia mchanga na unga wa mbao usoni, na joto lilikuwa kali kiasi kwamba aliungua mkono kwa kushika kitasa cha mlango. Yeye aliihesabu kuwa kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya.

Filamu ilitoka mwaka 1928, wakati kumbi zilikuwa tayari zinakimbilia filamu za sauti, na haikufanya vizuri sokoni. Riwaya ambayo filamu ilitokana nayo inamwacha Letty apotee jangwani akiwa amerukwa na akili, lakini filamu inamalizia kwa matumaini, na Gish alilalamika maisha yake yote kwamba studio ndiyo iliyolazimisha hivyo. Hata ukiwa na mwisho huo, dakika zake za usiku wa dhoruba zinabaki kuwa miongoni mwa mambo makubwa kabisa yaliyofanyika katika filamu bubu.

Je, ujio wa sauti ndio uliomwondoa kwenye filamu?

Hapana, si kwa namna watu wanavyodhani. Sauti yake ilikuwa safi na ilikuwa imezoezwa jukwaani tangu utotoni. Kilichobadilika ni ladha ya watazamaji, waliokuwa wameanza kupenda wanawake wa kisasa na wachangamfu zaidi kwenye filamu, na pia hamu ya studio ya kuwa na nyota waliolipwa kidogo na wasiochagua hadithi zao. Aliachana na MGM kabla ya kutimiza filamu zote sita, akatengeneza filamu yake ya kwanza ya sauti, One Romantic Night, mwaka 1930, kisha akageukia jukwaa. Mwaka huohuo aliigiza New York katika Uncle Vanya ya Chekhov, na mwaka 1936 alikuwa Ophelia katika Hamlet ya John Gielgud. Hayo si maisha ya msanii aliyeshindwa.

Alirudi lini kwenye filamu, na kwa nafasi zipi?

Alirudi katika miaka ya 1940 kwa nafasi za wanawake wa makamo na wazee. Duel in the Sun ya mwaka 1946 ilimpa uteuzi wa Oscar kama mwigizaji msaidizi.

Nafasi bora ya nusu ya pili ya maisha yake ni Rachel Cooper katika The Night of the Hunter ya mwaka 1955, filamu pekee iliyoongozwa na Charles Laughton, ambaye alikuwa amezitazama upya filamu za Griffith kabla ya kumwita. Rachel ni mama mzee anayeokota watoto wasio na kwao. Mhubiri mwuaji, aliyeigizwa na Robert Mitchum, anazunguka nyumba yake usiku akiimba wimbo wa dini. Rachel ameketi kwenye kiti kizani, bunduki magotini, na badala ya kumwogopa anaingia katika wimbo uleule na kuuimba pamoja naye. Katika miaka ya Griffith alikuwa daima msichana anayesubiri kuokolewa, lakini hapa yeye ndiye mlinzi wa mlango.

Filamu yake ya mwisho, The Whales of August, ilipigwa picha kwenye kisiwa kidogo cha jimbo la Maine akiwa na miaka 93, pamoja na Bette Davis.

Alipata Oscar?

Alipewa Oscar ya heshima mwaka 1971. Taasisi ya Filamu ya Marekani nayo ilimtunuku kwa mchango wa maisha yake yote mwaka 1984.

Aliolewa? Alikuwa na watoto?

Hakuolewa wala hakupata watoto. Mkosoaji wa maigizo George Jean Nathan alimchumbia kwa miaka mingi bila kukubaliwa. Watu wake wa karibu walikuwa mama yake, aliyefariki mwaka 1948, na Dorothy.

Dorothy alikuwa mwigizaji wa kiwango gani?

Alikuwa mzuri sana, na ni dhuluma kumtaja kama kivuli cha dada yake. Kipaji chake kilikuwa vichekesho, jambo ambalo Lillian mwenyewe alikiri hakuwa nalo. Katika Hearts of the World ya mwaka 1918, filamu ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Dorothy ndiye anayekumbukwa zaidi na watazamaji wengi. Tatizo ni kwamba nyingi kati ya filamu zake za vichekesho zimepotea, hivyo hatuwezi kumpima ipasavyo. Alifariki Rapallo, Italia, mwaka 1968. Lillian alifariki New York tarehe 27 Februari 1993, miezi michache kabla ya kutimiza miaka mia, na wamezikwa pamoja katika kanisa la Mtakatifu Bartholomew jijini humo.

Kwa nini filamu nyingi za enzi hiyo hazipo tena?

Zilitengenezwa kwa utepe wa naitreti, ambao huwaka kwa urahisi mno na huoza wenyewe ukihifadhiwa vibaya. Zaidi ya hayo, baada ya sauti kuingia, kampuni ziliziona filamu bubu kuwa mali isiyo na faida, zikaziharibu au zikaziacha ghalani. Ripoti ya Maktaba ya Bunge la Marekani ya mwaka 2013 ilieleza kwamba takriban asilimia 70 ya filamu ndefu bubu za nchi hiyo zimepotea. Gish alitumia miaka yake ya uzeeni kuzunguka na mihadhara na kudai filamu zihifadhiwe, akisimama mbele ya watu na filamu zile mkononi wakati wengi waliona ni mambo yaliyopitwa na wakati.

Kwa nini jina lake liliondolewa kwenye ukumbi wa chuo kikuu?

Chuo Kikuu cha Bowling Green State, huko Ohio, kilikuwa na ukumbi wa filamu uliopewa jina la Lillian na Dorothy tangu mwaka 1976. Mwaka 2019 wanafunzi weusi walilalamikia jina hilo kwa sababu ya The Birth of a Nation, na bodi ya chuo ikaamua kuliondoa. Wasanii zaidi ya 50, wakiwemo Martin Scorsese na James Earl Jones, walipinga uamuzi huo kwa barua ya wazi. Naelewa hoja za pande zote mbili, lakini naona wanafunzi walikuwa na haki ya kuuliza, kwa kuwa ukumbi ulikuwa wao na walioingia humo kila siku ni wao.

Tuzo ya Gish ni nini?

Lillian aliacha wasia kwamba mali yake itumike kuanzisha tuzo kwa jina la Dorothy na lake, ya kumtunuku kila mwaka msanii aliyeongeza uzuri duniani na kuwasaidia watu kuyaelewa maisha. Ilianza kutolewa mwaka 1994, na wa kwanza alikuwa msanifu majengo Frank Gehry. Wasomaji wa Afrika watafurahi kujua kwamba mwaka 2010 ilikwenda kwa Chinua Achebe. Mwaka 2013 aliipata Spike Lee, ambaye alipokuwa mwanafunzi wa filamu alitengeneza filamu fupi ya kuijibu The Birth of a Nation, na aliyetumia wazo la The Night of the Hunter katika Do the Right Thing, kwenye pete za mhusika wake zenye maneno ya upendo na chuki.

Sijawahi kuona filamu bubu. Nianze na ipi?

Anza na The Wind, kwa sababu ni fupi na haihitaji maelezo yoyote ya historia. Fuatisha Way Down East, ukivumilia vichekesho vya kijijini vya katikati, kisha Broken Blossoms siku ambayo moyo wako umetulia. Baada ya hizo tazama The Night of the Hunter, ili umwone akiwa na sauti.

Kwa sheria ya Marekani, hakimiliki ya filamu zilizotolewa nchini humo kabla ya mwaka 1929 imekwisha, kwa hiyo nyingi kati ya filamu zake bubu zilizosalia zinapatikana bure na kihalali mtandaoni. Tatizo ni ubora. Nakala mbaya huwa na ukungu, na mara nyingi huchezeshwa kwa kasi isiyo yake, kwani kamera za wakati ule zilizungushwa kwa mkono na filamu nyingi zilipaswa kuonyeshwa polepole kuliko picha 24 kwa sekunde za leo. Ukiona watu wanatembea kwa haraka ya kuchekesha, iache nakala hiyo utafute nyingine iliyorekebishwa na hifadhi ya filamu, yenye muziki uliotungwa kwa ajili yake. Itazame gizani, kwa ukubwa wa kioo unaoweza kuupata, simu ikiwa mbali, kwa sababu Gish hufanya mambo yake mengi kwa kope na vidole, na ukiinamisha kichwa sekunde mbili utakuwa umeyakosa.